Shaka na Imani Mlangoni mwa Fani ya Usalama wa Mtandao

Anayeingia katika fani ya usalama wa mtandao, yaani taaluma ya kulinda kompyuta na taarifa dhidi ya wavamizi, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ajifunze zana gani, naye hujibiwa kwa orodha ya programu na vyeti. Swali hilo si baya, ila lipo jingine linalopaswa kulitangulia: katika mfumo huu, nani anamwamini nani, na kwa sababu gani?

Uzito wa swali hilo ulidhihirishwa na Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo endeshi wa Unix, katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing uliochapishwa mwaka 1984. Thompson alieleza jinsi kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa maagizo ya mashine, inavyoweza kuchezewa ili kila inapokutana na programu ya kuwaingiza watumiaji kwenye Unix ipachike humo nywila ya siri, na kila inapozalisha kompaila mpya iirithishe hila hiyohiyo. Hapo maandishi yaliyoibeba hila hufutwa, na mkaguzi akiyasoma yaliyobaki mstari kwa mstari haoni kitu. Anayetaka kushuku kila kitu itambidi aishuku kompaila, kisha kompaila iliyoizaa, kisha saketi zinazoiendesha, wala hatafika mwisho. Mwanafalsafa Descartes alipata pa kusimama katika uhakika wa fikra zake mwenyewe, lakini mlinzi wa mtandao wa benki hana anasa hiyo, kwani Jumatatu asubuhi wateja wanasubiri fedha zao.

Kumfundisha anayeanza kwamba asiamini chochote ni kumpotosha, kwa kuwa imani haiondoleki, bali huhamishiwa mahali inapoweza kukaguliwa. Ujumbe wa kitapeli uliozoeleka nchini Tanzania, unaomtaka mtu aitume ile hela kwenye namba nyingine ya simu, hauvunji ulinzi wowote wa kitaalamu: humkuta mpangaji anayedaiwa kodi, naye huingiza namba ya siri kwa mkono wake mwenyewe. Jina la mpokeaji linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala liliwekwa hapo ili shaka ipate nafasi, na tapeli, akilijua hilo, hulitaja jina lenyewe mapema katika ujumbe wake.

Tena mwenye kushuku naye hushukiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta pasipo haki, ilhali mtaalamu anayepima uimara wa mifumo hutumia zana zilezile za mvamizi, na kinachowatenganisha ni idhini iliyoandikwa kabla ya kazi kuanza. Mwenye mfumo anayeitia saini hana namna ya kuikagua nia ya mgeni wake, ndiyo maana idhini hiyo, ikiandikwa vizuri, hutaja mifumo inayoruhusiwa kuguswa, muda wa kazi, na mtu wa kupigiwa simu mambo yakiharibika.