Moyo Upimwe Ukiwa Kazini

*Hotuba ya daktari wa kaunti kwa wazazi, walimu wa michezo na wahamasishaji wa afya ya jamii*

Nimepewa muda mfupi, na sitaki kuumaliza kwa salamu.

Mama mmoja alimleta binti yake kliniki. Msichana alikuwa amezirai akikimbia mbio za mita 400. Alizinduka baada ya muda mfupi, akaulizia viatu vyake. Nilimlaza kitandani, nikambandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, nikampima ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ikatoka safi. Nikamwambia mama kwamba moyo wa mtoto ni mzima. Majuma machache baadaye msichana akaanguka tena, vilevile akikimbia. Mama alirudi na swali ambalo sijalisahau: "Daktari, ulimpima amelala. Yeye huanguka akikimbia. Sasa ulipima nini?"

Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonileta hapa leo.

Moyo una umeme wake. Kwa kila pigo umeme hupita, misuli hujikaza, kisha moyo hujichaji upya kama simu kabla ya pigo linalofuata. Mtu mzima akipumzika, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Akikimbia, mapigo hupanda hata kupita 150, na nafasi kati ya pigo na pigo hupungua. Kwa hiyo kule kuchaji nako lazima kuharakishwe, na moyo wa kawaida hufanya hivyo bila shida.

Wapo watu waliorithi hitilafu, na kwao muda wa kuchaji haupungui inavyopaswa. Wakilala, karatasi yaweza kuonekana ya kawaida. Wakikimbia, pigo jipya huukuta moyo haujawa tayari. Mdundo huvurugika, moyo hutetemeka tu bila kusukuma damu, na mtu huanguka. Mara nyingi mdundo hujirekebisha, mtoto akaamka. Mara nyingine haujirekebishi.

Kuna hitilafu nyingine ya kurithi ambayo ECG ya kitandani huwa safi kabisa. Mapigo yakifika 110 au 130 hivi, ndipo mapigo ya ziada huanza kujipenyeza, na kadiri mtu anavyozidisha kasi ndivyo yanavyoongezeka. Watoto wa namna hii huitwa wenye kifafa, na wengine hupelekwa kuombewa mapepo. Siwakatazi maombi. Naomba tu kipimo kifanywe pia.

Kipimo chenyewe hufanywa katika hospitali kubwa zenye daktari wa moyo. Mgonjwa hutembea kisha hukimbia juu ya mkanda wa mashine, au huendesha baiskeli isiyosonga, nyaya zikiwa kifuani. Kasi na mwinuko huongezwa kidogo kidogo. Daktari yuko karibu, na mashine ya kushtua moyo iko tayari. Ndiyo maana nawasihi walimu: msimkimbize mtoto aliyewahi kuzirai ili mwone kama ataanguka tena.

Mkanda ukisimama, wengi hudhani kazi imekwisha na hutaka nyaya zitolewe. Subirini. Dakika za kupumzika zina habari nyingi. Kufikia dakika ya nne, daktari huangalia ule muda wa umeme baada ya kuurekebisha kulingana na kasi ya mapigo. Ukiwa milisekunde 480 au zaidi, hiyo ni alama mojawapo ya ile hitilafu ya kwanza.

Si kila mwanafunzi anahitaji haya. Na mwanariadha ambaye moyo wake hupiga chini ya mara 60 akipumzika huenda ni mazoezi tu yaliyoufanya hivyo. Ninaowatafuta ni waliozirai katikati ya mbio, kuogelea au mshtuko, na wale ambao ndugu yao alifariki ghafla akiwa kijana. Hao wafanyiwe pia picha ya moyo, kwa sababu baadhi ya shida ziko kwenye misuli. Wapenzi wa kandanda mnamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka uwanjani Lyon mwaka 2003 akafariki. Misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi.

Mtu akianguka na hapumui kawaida, msimmwagie maji. Piga 999 au 112, weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, na usiache hadi msaada ufike au aamke. Christian Eriksen wa Denmark alianguka mwaka 2021 mbele ya ulimwengu mzima. Alihudumiwa palepale, na baadaye akarudi kucheza.

Yule binti alipimwa akikimbia, na hitilafu ikaonekana. Sasa anameza dawa ya kutuliza mapigo kila siku, haogelei peke yake, na mama huliambia duka la dawa kabla ya kununua chochote, kwa kuwa baadhi ya dawa za malaria na za bakteria hurefusha muda ule wa umeme. Ndugu zake walipimwa pia, na mmoja akakutwa nayo. Hakuwa amewahi kuanguka hata siku moja. Siku ya michezo, binti ndiye hushika saa ya kupimia mbio.