Nyumba Ndogo katika Kiwanja Kipana
Hotuba ya Katibu siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu

Bwana Mwenyekiti, Wajumbe wa Kamati, Wazee wetu, na ninyi Wanachama mlioondoka mashambani alfajiri ili muwe nasi leo:

Tumepewa nafasi ya kuwaeleza habari za nyumba yetu ya hapa Dodoma. Twaipokea kwa moyo, maana katika miaka hii kumi hakuna jambo lililotuletea maneno mengi kama nyumba hii. Tulipoinunua mwaka 2019, baadhi yenu mlisema kwamba Katibu na Kamati wamekwenda mjini na fedha za alizeti wakarudi na kichuguu. Hatukukasirika. Aliyeiona siku ile, vyumba vitatu, baraza iliyopasuka, bati lililoliwa na kutu, asingalisema neno jingine.

Walakini tulichokuwa tukikitafuta ni uwanja. Kiwanja kile kina mita 62 kwa 41, na nyumba imejikunyata pembeni kama mgeni. Mnajua jinsi miji yetu ilivyopimwa zamani za ukoloni: Uzunguni viwanja vya bustani, Uhindini vya kadiri, Uswahilini nyumba zikabanana ukuta kwa ukuta. Ubaguzi ule tuliuchukia, lakini upana ule leo wageuza lori la mkulima. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, atakaye kiwanja kipana karibu na reli hana budi kukitafuta chini ya nyumba kuukuu.

Wazee walituuliza swali zito. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Wazee hawa waliona kwa macho yao nyumba na malori ya wakulima yakipita mikononi mwa wengine, na vyama havikurudishwa kisheria hata mwaka 1982. Je, tununue tena ili tunyang'anywe tena? Jibu la kulimaliza swali lile hatukuwa nalo. Tulisema tu kwamba mpangaji naye huondolewa, tena kwa barua ya mstari mmoja, nasi tulikwisha kuondolewa mara mbili, mara ya pili msimu ukiwa umefunguliwa na magunia yakiwa mlangoni.

Sasa tuungame jinsi tulivyoponea chupuchupu. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 yasema hivyo. Basi anunuaye nyumba ya mjini hununua miaka iliyobaki katika hati. Na hati zilizotolewa hapa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu zilikuwa za miaka 33. Ya nyumba hii ilianza kuhesabiwa mwaka 1990. Mamlaka ile ilivunjwa mwezi Mei 2017, ikaagizwa kwamba hati za miaka 33 zibadilishwe ziwe za miaka 99, lakini mwenye nyumba alikuwa hajabadilisha yake. Lau tungalilipa siku ya kwanza mwaka 2018, kama sisi wenyewe tulivyotaka kwa pupa, tungalinunua miaka mitano. Aliyetuzuia ni mjumbe mmoja mzee, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alichukua karatasi, akahesabu kwa vidole, akaturudishia bila kusema neno. Tukangoja miezi saba hata hati mpya ikatoka.

Lilikuwapo na jambo la mama mwenye nyumba. Yeye alikuwa akikaa kijijini, na mumewe akatuambia kwamba saini yake haina haja. Twashukuru kwamba hatukumsikiliza, kwa maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Tulimwendea mara tatu. Mara ya kwanza alitupa maji ya kunywa, basi. Mara ya tatu alisema, "Nyumba ile niliipiga lipu mimi, kwa mikono hii." Akatia saini, akaomba tusiukate mkwaju wa uani. Tuliahidi.

Kabla ya kulipa tulimpandisha fundi darini, naye akakuta mchwa wamekula nusu ya kenchi. Bei ikapunguzwa, na hesabu zake mmezisoma. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyetazama maji ya mvua yanapita wapi. Masika ya kwanza yalitukuta, na magunia 38 ya alizeti yakalowa. Hasara ile ni yetu, hatumsukumii mtu. Mfereji ulichimbwa mwezi uliofuata, na wanachama wa vyama vinne vya msingi walikuja na majembe yao pasipo kudai posho.

Sasa yuko mfanyabiashara atakaye tumkatie nusu ya nyuma, kwa bei ipitayo tuliyolipa kwa kiwanja kizima. Baadhi ya wajumbe wanakubali, nao hawana nia mbaya. Deni la pembejeo latusumbua sote. Kiwanja hakigawanywi bila kibali cha mipango miji, lakini kibali chaweza kupatikana. Maoni ya ofisi yetu ni kwamba tusikate. Ghala, mizani na njia ya lori havitoshi katika nusu iliyobaki, na vyumba viwili vya kulala mwanachama aletaye mgonjwa hospitali havitapata pa kusimama. Deni twaweza kulilipa kwa misimu mitatu. Nusu ile tukiiuza haturudi kuinunua.

Neno ni la Mkutano Mkuu, si letu. Mchoro wa ghala tumeubandika barazani, na hati imo mezani pamoja na risiti za kodi ya pango la ardhi. Kila mwanachama aje aishike, aisome. Mtaona katika mchoro kwamba njia ya lori imepinda kidogo upande wa kaskazini. Hapo ndipo ulipo mkwaju.