Mzigo wa Picha: Video na Safari Yake Hadi Kotile



Teknolojia ya video kwa kawaida huzungumzwa kwa kutazama kioo: picha ilikuwa na chenga, ikawa safi; ilikuwa finyu, ikapanuka. Jioni hii naomba tuitazame kutoka Kotile, nchini Kenya, ukingo wa mashariki wa Mto Tana, kwenye barabara ya Garissa kwenda Masalani. Mtu wa Kotile huuliza kwanza video imefikaje, ndipo aulize inaonekanaje. Hoja yangu ni kwamba umbo la video huamuliwa na pale njia yake inapokuwa nyembamba zaidi. Dijitali haikuuondoa wembamba huo. Iliutoa barabarani ikautia ndani ya simu, na huko ndiko kumbukumbu zetu zinakopotelea.

1. Enzi za barabara

Kanda ya VHS iliingia sokoni Japani mwaka 1976, ikaenea kwetu katika miaka ya themanini. Kabla yake, watu wa vijijini walingoja magari ya sinema ya serikali, yaliyotandaza kitambaa cheupe uwanjani usiku mmoja na kuondoka. Kanda ilimpa mfanyabiashara mdogo uwezo huo wa kuonyesha filamu. Deki, televisheni, jenereta na banda la mabati vilitosha kuwa ukumbi. Kanda zenyewe zilipanda basi au lori kutoka Nairobi. Mto ukifurika na barabara ikikatika, banda lilirudia filamu ya juzi na watu wakalipa vile vile.

Kila kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine ilififia. Katika nakala ya tatu au ya nne rangi zilichuruzika nje ya nyuso, na vumbi na joto letu vikamalizia kazi iliyobaki.

Diski ya VCD, iliyowekewa viwango mwaka 1993, ilileta jambo jipya: nakala ya mia ilikuwa sawa na ya kwanza. Lakini ilibeba dakika 74 tu, kwa picha ya nukta 352 kwa 288. Ndiyo maana filamu ya Kihindi ya saa tatu iliuzwa kwa diski tatu, na mara nyingi ya mwisho ndiyo iliyokwaruzika. Ulaya na Marekani waliiruka wakaenda kwenye DVD. Asia na Afrika Mashariki waliikumbatia kwa sababu kompyuta moja iliweza kutoa nakala mchana kutwa. Juu ya diski hizo zilisimama filamu za River Road, Nairobi, zilizokuja kuitwa Riverwood, na Bongo Movie za Tanzania. Diski hizo hizo ziliwanyima watengenezaji pato, maana aliyenakili hakumlipa mtu.

Urahisi wa kunakili ulizaa pia sauti. DJ Afro alisimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili cha mtaani, na kwa Wasomali wa kwetu filamu za Kihindi zikatiwa maneno ya Kisomali. Bibi asiyejua Kihindi wala Kiingereza akafuata kisa chote, akamlaani adui kwa lugha yake mwenyewe. Kazi hiyo ilifanywa na vijana wenye kompyuta na maikrofoni, bila kusubiri studio kubwa iwakumbuke.

2. Chenga zilipozimwa

Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, enzi za Rais Mwai Kibaki. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka 17 Juni 2015 kuwa siku ya mwisho ya analojia. Miezi michache kabla ya siku hiyo, Februari 2015, NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani kwa karibu majuma matatu, wenye vituo na serikali wakivutana juu ya nani asambaze mawimbi na kwa masharti gani. Watu walidhani pande hizo zinagombania televisheni. Ziligombania njia.

Kwa hesabu ya masafa, dijitali ni neema: nafasi iliyobeba kituo kimoja cha analojia sasa hubeba vituo kumi na zaidi. Kwa hesabu ya umbali, mambo ni mengine. Mawimbi ya analojia yalipodhoofika, mtazamaji wa mbali alibaki na picha yenye chenga na sauti ya kutosha kufuata habari. Ya dijitali hayana huruma hiyo: unayapata au huyapati. Nje ya miji, wengi waligeukia dishi, na dishi halijui mpaka wa nchi. Universal TV, kituo cha Kisomali kilichoanzishwa London mwaka 2005, huteremka kutoka angani hadi kwenye ua wa Kotile bila kupitia Nairobi. London ikawa jirani kuliko Nairobi, na hakuna waziri aliyepanga iwe hivyo.

3. Video ndani ya simu

Mwaka 2009 nyaya za Seacom na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, na Kenya ikaacha kutegemea setilaiti kwa intaneti. Baadaye mkonga wa mawasiliano wa taifa ukafika Garissa, na hazina ya Mamlaka ya Mawasiliano ikagharamia minara katika kata ambazo kampuni za simu hazikuona faida ya kwenda. Hata hivyo, mnara mmoja ni shingo nyembamba. Al-Shabaab wameilipua minara mara kadhaa katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na kila unapoanguka mmoja, vijiji vyake vyote hunyamaza kwa pamoja.

Sasa tupige hesabu kidogo. Picha ya nukta 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, ikiachwa ilivyo bila kubanwa, ina uzito wa takribani megabaiti 155 kwa kila sekunde. Dakika moja inazidi gigabaiti 9. Hakuna bando la kubeba mzigo huo, na mwenye bando hilo Kotile hayupo. Kinachowezesha video kusafiri ni ubanaji: programu huhifadhi fremu moja nzima, kisha kwa zinazofuata huandika tu kilichobadilika. Ukuta nyuma ya msemaji haujasogea, basi hauandikwi tena. Kiwango cha H.264 cha mwaka 2003 ndicho kilichoifungulia video mlango wa simu, H.265 ya 2013 na AV1 ya 2018 zikabana zaidi.

WhatsApp, kwa miaka mingi, iliweka kikomo cha megabaiti 16 kwa video. Gawa megabaiti hizo kwa dakika tatu, utapata kama megabiti 0.7 kwa sekunde. Ile VCD ya mwaka 1993 ilitumia megabiti 1.15 kwa picha peke yake. Ubanaji wa leo una akili zaidi, kwa hiyo jicho halioni tofauti yote. Lakini simu iliyopiga picha ya hali ya juu ilimkabidhi mwenzake kitu chembamba kuliko diski ya zamani. Mpokeaji akikihariri na kukituma tena, kinabanwa mara ya pili. Ule ufifiaji wa kanda tuliodhani dijitali imeuzika umerudi.

4. Ngoma iliyosimama wima

Umbo lenyewe la fremu limegeuka pia. Televisheni ya zamani ilikuwa 4 kwa 3, ya sasa 16 kwa 9, na TikTok imeisimamisha ikawa 9 kwa 16. Itazameni dhaanto, ngoma ya Wasomali. Wanaume wamejipanga upande mmoja, wanawake upande wa pili, wanasogeleana na kurudi, na raha yote iko katika ule uwanja ulio kati yao. Fremu iliyosimama humchukua mchezaji mmoja, kuanzia kilemba hadi viatu. Anapendeza, na kijana wa Kisomali aliye Minneapolis, Marekani, humwona dakika ile ile. Mstari unaomjibu umebaki nje. Miaka thelathini ijayo mtafiti atakayetegemea video hizi ataandika kwamba dhaanto huchezwa na mtu mmoja.

Silaumu simu. Mfugaji humwonyesha mnunuzi wa soko la Garissa ng'ombe wake kwa video fupi, na hapo fremu wima inatosha kabisa. Kila kazi ina umbo lake. Kosa ni kuliachia jukwaa moja lituamulie umbo la kila kitu.

5. La kufanya

Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilifunga kazi hiyo. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, ilionya kwamba kanda ambazo hazingehamishiwa dijitali kufikia 2025 huenda zisiokoke kamwe. Mwaka huo umekwisha kufika. Ndani ya masanduku ya mabati ya nyumba zetu kuna harusi, mikutano ya amani, khitma na mashairi ya wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Chuo kikuu chetu kitafute deki mbili tatu zinazofanya kazi na kutangaza siku za kupokea kanda, kunakili na kuwarudishia wenyewe. Kaunti itenge fedha za hifadhi ya video kama inavyotenga za maktaba, maana sehemu kubwa ya yale tunayoyajua hayajaandikwa. Nanyi vijana, tumeni nakala nyepesi, lakini ile ya asili msiifute ili simu ipate nafasi. Ihamisheni kwenye diski ngumu; na mkilazimika kuituma, itumeni kama hati, jambo ambalo WhatsApp imeliruhusu hadi gigabaiti 2 tangu 2022, ili isibanwe. Andikeni jina la mahali, tarehe na wanaoonekana.

Nyepesi ni ya safari, nzito ni ya ghala. Jamii inayobaki na nyepesi peke yake haina kumbukumbu.