Tuandike pia majina ya wale waliopiga hodi



Wengi wetu hapa tuko na diploma na hatuna kazi. Kwa hiyo leo tunaongea juu ya utafiti mmoja uliofanywa kwa watu kama sisi, na juu ya wamama walioufanya.

Chuoni, somo la metode za utafiti, tulikariri majina mengi. Karibu yote ni ya wanaume. Marie Jahoda hatukumusikia.

Karibu na mji wa Vienna, Austria, kuko kijiji kinaitwa Marienthal. Kiwanda cha nguo kilichokilisha kilifungwa kati ya 1929 na 1930. Mwisho wa 1931 watafiti wakaingia. Jahoda alikuwa na miaka 24 tu, umri wetu! Kitabu kilitoka 1933. Sehemu kubwa aliiandika yeye. Lakini mara nyingi anayesifiwa ni mwenzake Paul Lazarsfeld.

Na kuna Lotte Danzinger. Huyu ndiye aliishi kijijini, akaingia nyumba 100 kuuliza kila familia inahitaji nguo gani. Watu wakamufungulia mlango na moyo. Ukitazama jalada la kitabu, majina ni matatu. Lake haliko.

Wandugu, hawakuenda na karatasi ya maswali peke yake. Sharti lao lilikuwa hili: hakuna mtafiti wa kuja kutazama tu, kila mtu alete kitu chenye faida. Waligawa nguo, walileta daktari wa bure, walifundisha kukata nguo. Hapo ndipo walisikia mambo ya kweli.

Wakahesabu pia. Maktaba ilikuwa imeondoa malipo, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu. Muda ulikuwa mwingi, nguvu ya kusoma ikaisha. Walisimama dirishani na saa mkononi, wakapima mwendo wa watu barabarani. Wanaume walitembea polepole, wanasimama-simama. Wamama walienda mbio. Kwa nini? Juu walikuwa na sufuria, watoto, nguo za kushona. Mshahara ulikatika, kazi haikukatika.

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Tulipofanya uchunguzi wa maji katika kartie yetu, nani alipita nyumba kwa nyumba? Nani alisimama kwenye bomba saa kumi za usiku kuhesabu bidoni? Ni wadada. Na ripoti ilipotoka, nani alisaini, nani aliongea kwenye redio? Ni sisi wanaume. Tuseme ukweli: tulikosea. Hatuwezi kudai serikali itende haki na sisi tunaficha jasho la wenzetu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Moja, kila ripoti iandike kwenye ukurasa wa kwanza majina ya wote waliokusanya habari, kama wenyewe wanakubali, maana usalama wao ni wa kwanza. Mbili, aliyekusanya ndiye aongee. Tatu, tusiingie nyumba ya mtu mikono mitupu: tumsaidie kitu, na turudi kumuambia tulichokipata.

Jahoda alifungwa gerezani 1936 kwa sababu ya siasa yake, kisha akalazimishwa kuacha nchi yake. Hakuacha kuuliza maswali. Na sisi tusiache.