Feni Ikivuma, Okoa Faili Kwanza

*Yafuatayo ni mazungumzo ya Idara ya TEHAMA kwa makatibu wa vikundi, wahudumu wa saiba na wakazi kuhusu utunzaji wa kompyuta kuukuu za mezani.*



Kompyuta ya mezani yenye umri wa miaka kumi mara nyingi hutoa onyo kabla ya kufa. Feni huanza kuvuma kama mashine ya kusaga unga. Kisha skrini huganda katikati ya kazi, na mwenye haraka huishikilia swichi mpaka mashine izime. Siku moja haiwaki tena, na hapo ndipo watu huulizana: faili ziko wapi?

Mfikirieni katibu wa chama anayehifadhi hesabu za michango ya miaka sita katika mashine moja tu. Mashine hiyo ikifa, ushahidi wa nani alilipa, nani alikopa na nani anadaiwa hupotea nayo. Chuma kingine chaweza kununuliwa. Rekodi haziuzwi dukani.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: kabla ya kushika bisibisi, nakili faili. Ziwekeni kwenye flashi au diski ya nje, na nakala nyingine mtandaoni, kwa mfano Google Drive. Anzeni na zile msizoweza kuziandika upya.

Sikilizeni mashine

Dalili ya mvua ni mawingu. Kabla ya kumwita fundi, andikeni kwenye karatasi mashine huganda wakati gani. Maelezo hayo humpunguzia fundi kubahatisha, na mwenye mashine huepuka gharama ya vipuri visivyohitajika.

Ikiwa feni huvuma zaidi kadiri mashine inavyotumika, kisha mashine ikaganda au kujizima, shukuni joto. Prosesa ikipata moto, feni huongeza kasi. Joto likizidi, prosesa hupunguza mwendo ili isiungue, na mwishowe mashine hujizima.

Ikiwa feni imetulia lakini faili huchukua dakika nzima kufunguka, na ndani mnasikia mlio wa kugongagonga, shukuni diski. Hapo acheni kuzima na kuwasha, kwa sababu kila jaribio laweza kuiharibu zaidi. Fundi aitoe diski hiyo na kuiunganisha na mashine nyingine ili kunakili kilichosalia.

Ikiwa mashine huganda tu kurasa nyingi za intaneti zinapofunguliwa pamoja, huenda RAM haitoshi. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka litaonyesha ni programu ipi inayotumia prosesa na RAM kupita kiasi. Mkiona programu msiyoijua inakula prosesa hata wakati hamfanyi lolote, chunguzeni virusi.

Vumbi ndilo adui wa kawaida

Vumbi la barabara za murram huingia kwa matundu ya hewa na kujaa kwenye chuma chenye mbavu kilicho juu ya prosesa. Hewa haipiti, na feni huzunguka kwa kasi bila kupoza chochote. Wengine huzidisha shida kwa kuifunika mashine kitambaa ikiwa imewashwa, au kuisukuma hadi ukutani.

Usafishaji hufanywa hivi. Zimeni mashine na mchomoe waya wa stima. Bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Ipelekeni nje, fungueni ubavu wake, na mguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine ndani. Tumieni brashi laini na kavu au mkebe wa hewa. Izuieni feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza.

Msitumie kitambaa chenye maji. Msiipeleke kwenye kompresa ya kujazia matairi, kwa kuwa hewa yake ina nguvu kupita kiasi na huweza kutoka na majimaji. Na kile kisanduku ambamo waya wa stima huingia, msikifungue kamwe. Ndani yake umeme waweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa.

Mashine ikiendelea kupata moto baada ya kusafishwa, huenda krimu iliyo kati ya prosesa na chuma cha kuipoza imekauka. Fundi hufuta ile ya zamani na kuweka mpya kidogo tu. Feni inayokwaruza hata ikiwa safi imechakaa, nayo hubadilishwa.

Kutengeneza au kuachana nayo?

Mashine iliyo nzima lakini nzito mara nyingi hufufuka ikiwekewa diski aina ya SSD na RAM zaidi. Ila kuna jambo jingine: Microsoft iliacha rasmi kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine kama hiyo yaweza kuwekewa Linux Mint, mfumo usiolipiwa, ikaendelea kuandika barua na kufungua tovuti. Ubao mkuu ukiwa umeungua, msitupe pesa.

Mashine iliyokufa isichomwe wala kutupwa kwenye jaa, kwa sababu ina risasi na sumu nyingine. Ipelekeni kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Kabla ya hapo, itoeni diski au ifuteni kabisa. Saiba huhifadhi nakala za vitambulisho na vyeti vya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshikilia taarifa za watu azilinde.

Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru wa mapato kwa KRA, foleni huwa ndefu. Siku hiyo si ya kugundua kwamba feni imejaa vumbi. Jioni ya leo, mkifika kwenye mashine zenu, nakilini faili kwanza. Brashi yaweza kungoja kesho.