Ndege Wekundu Katika Theluji

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za ndege mwekundu ambaye sisi hatunaye katika nchi zetu, na habari za watu wamlishao wakati wa baridi kali. Tena nitawaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe kwa ndege hao, ili mwenye masikio apate kujifunza pasipo kukosa kama nilivyokosa.

Nalikaa majira moja ya baridi katika mji mdogo wa jimbo la Ohio, nchi ya Marekani, nyumbani kwa mama mmoja mjane. Huko tangu Desemba hata Machi jua huchelewa kutoka na huwahi kuchwa. Miti mingi imepukutisha majani yote, wadudu hawaonekani, na theluji huifunika nchi kama unga uliomwagika. Nalipoitazama mara ya kwanza nalisema moyoni, "Hapa hakuna kiumbe awezaye kuishi nje." Walakini asubuhi yake mama yule aliniita dirishani, akasema, "Mwalimu, njoo uwaone wageni wangu."

Nje, hatua moja tu kutoka kwenye kioo, palikuwa na nguzo, na juu ya nguzo kihori cha mbao kilichojaa mbegu za alizeti. Kiliwekwa karibu hivyo kwa makusudi, maana ndege akishtuka karibu na kioo hana nafasi ya kupata mbio za kujipigiza akafa. Na juu ya kihori alikuwapo ndege mwekundu kama pilipili iliyoiva, na nyuma yake weupe mtupu wa theluji. Nalisimama nikimtazama hata chai yangu ikapoa.

Jina lake ni kadinali. Aliitwa hivyo kwa ajili ya wakuu wa Kanisa la Roma waitwao makadinali, ambao mavazi yao ni mekundu. Urefu wake ni inchi 8 au 9, na uzito wake gramu 45 hivi. Ana shungi kichwani, uso mweusi, na mdomo mfupi mnene. Mdomo huo ndio chombo chake cha kazi: huipasua mbegu, akalitema ganda, akala kiini. Jike hakuvikwa wekundu huo. Rangi yake ni ya udongo, ila shungi, mabawa na mkia vina wekundu kidogo. Naye huimba kama dume, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wengi wa nchi zile. Baridi inapokaribia kwisha utamwona dume akichukua mbegu na kumtilia jike wake mdomoni. Watu wa Ohio humpenda sana, hata mwaka 1933 walimfanya kuwa ndege wa jimbo lao, na majimbo mengine sita yamefanya vivyo hivyo.

Ndege wengi wa kaskazini huikimbia baridi. Sisi twawajua mbayuwayu watokao Ulaya, wajao kwetu wakati kwao ni theluji. Lakini kadinali hahami. Hutunisha manyoya yake, na hewa iliyomo katikati ya manyoya humfaa kama blanketi. Yuko na mwenziwe mdogo aitwaye chikadii, mwenye kofia nyeusi, ambaye hulitaja jina lake mwenyewe anapolia. Huyu uzito wake ni gramu 11 tu. Mchana huficha mbegu moja moja katika nyufa za magome, na baadaye hukumbuka alikoziweka. Usiku hupunguza joto la mwili wake kiasi cha digrii 10, apate kuokoa nguvu mpaka asubuhi.

Zamani, katika karne ya 19, kadinali walinaswa wakauzwa, wakafungiwa matunduni kwa sababu ya rangi yao na sauti yao. Mwaka 1918 Serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kuwalinda ndege wa porini, na biashara hiyo ikakoma. Tangu hapo amtakaye kadinali hana budi kumngojea aje kwa hiari yake mwenyewe.

Sasa nisikilizeni habari ya kosa langu. Mwezi wa Januari mama yule alikwenda kumwuguza dada yake katika mji mwingine, akaniachia kazi ya kuwalisha ndege. Aliniagiza mambo mawili: kukijaza kihori kila siku, na kukiosha kila juma. La kwanza nalilifanya kwa furaha. La pili sikulifanya, maana maji yalikuwa yakiganda mikononi mwangu, nami nalidhani kwamba kujaza ndiko kulisha. Siku ya kumi nalimwona ndege mmoja wa jamii ya chiriku ameketi peke yake pembeni mwa kihori. Wenziwe waliporuka, yeye hakuruka. Jicho moja lilikuwa limevimba hata likafumba kabisa, na la pili lilikuwa likitoka maji. Alikuwa akipapasa mbegu kwa mdomo kama kipofu apapasavyo ukuta.

Nalimpigia mama simu. Akaniambia, "Ondoa kihori leo hii, Mwalimu."

Nikamjibu, "Mama, usiku huu baridi itafika digrii 18 chini ya sufuri. Nikikiondoa, kadinali watakula nini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ukikiacha, watakula ugonjwa."

Basi nalikiondoa jua likichwa, saa ile ile ambayo kadinali hupenda kuja kula mara ya mwisho. Walikuja wawili, dume na jike, wakatua juu ya nguzo tupu, wakatazama huku na huku, wakaenda zao. Usiku ule sikupata usingizi mwema.

Ugonjwa ule ulionekana kwanza kwa chiriku hao mwaka 1994, karibu na mji wa Washington. Huletwa na vijidudu ambavyo huwaugua hata kuku na bata mzinga. Ndege mgonjwa hugusa kihori kwa macho yake, na mzima ajaye nyuma yake huchukua vijidudu hivyo. Msituni ndege hula wametawanyika. Sisi ndio tunaowakusanya mahali pamoja. Kwa hiyo mwenye kuwakusanya ndiye mwenye kuchukua dhamana.

Mama aliporudi alinifariji kwa habari za wataalamu waliochunguza chikadii katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 1988 walieleza kwamba katika kila ndege 100 waliolishwa, 69 waliumaliza wakati wa baridi wakiwa hai, na katika 100 wasiolishwa, 37 tu. Lakini tofauti hiyo ilionekana hasa katika miezi ya baridi kali kabisa. Tena wataalamu hao waliondoa vihori mahali ambapo ndege walikuwa wamelishwa miaka 25, na ndege wale waliishi sawasawa na wengine wasiopata kulishwa kamwe. Yaani chakula cha binadamu huwasaidia, walakini hawakusahau kazi ya kujitafutia.

Nalikisugua kihori kwa maji ya moto, nikakilowesha katika dawa ya klorini, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, nikakisuuza, nikakikausha. Baada ya majuma mawili tulikirudisha. Jioni ya pili dume mwekundu alikuja, na jike nyuma yake. Yule chiriku sikumwona tena.

Mama alikuwa na daftari, na kila juma aliandika hesabu ya ndege aliowaona, akaipeleka kwa wataalamu. Desturi ya kuhesabu ni ya zamani kule. Siku ya Krismasi mwaka 1900, Bwana Frank Chapman aliwashauri watu waache mashindano ya kuwapiga ndege risasi, wawahesabu badala yake. Wakatoka watu 27. Tangu mwaka 1987 maelfu ya watu wa Marekani na Kanada huwahesabu ndege katika vihori vya nyumbani kila majira ya baridi. Hesabu za namna hii, zilizokusanywa na watu wa kawaida miaka mingi, zimewasaidia wataalamu kutambua, mwaka 2019, kwamba ndege wa nchi hizo mbili wamepungua karibu milioni elfu tatu tangu mwaka 1970.

Enyi vijana wa shule, najua wengi wenu mna manati mifukoni. Siku moja iacheni nyumbani, mchukue daftari, mkaketi kimya chini ya mti hata ndege wawazoee. Mwandike mliyoyaona. Na mtu akiwaambia kwamba kutenda wema ni kutoa tu, mkumbukeni yule chiriku aliyepapasa mbegu zangu.