Santuri Inapokwaruza Sauti ya Mwimbaji

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya ila iwaudhiyo watu wengi wenye santuri nyumbani. Ngoma na udi husikika vema, lakini mwimbaji atamkapo herufi "s" au "sh", sauti hukwaruza kama mchanga katika wali. Ila hii ilitupata sisi wenyewe katika sahani tuliyorithi kwa marehemu mama yetu, ambayo haipatikani tena dukani. Tulidhani sahani ndiyo mbovu, tukaiweka kabatini.

Basi na tuijue sababu kwanza. Sauti imechorwa mferejini kwa mawimbi, na herufi hizo ndizo zenye mawimbi madogo mno. Sahani kubwa ya inchi 12 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, tangu mwanzo hata mwisho. Ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kiasi cha sentimeta 50 kwa sekunde. Karibu na katikati ni kama 21 tu. Hapo mawimbi husongamana, na sindano isiyo timamu hushindwa kuyafuata. Ndiyo maana wimbo wa mwisho hukwaruza kuliko wa kwanza.

Jaribuni kwanza sahani nyingine iliyo mpya. Ikilia vizuri mpaka mwisho, ila i katika ile ya zamani. Isafisheni kwa kufuata mifereji. Ikikwaruza nayo, kitazameni chombo. Vumbi la sindano lipanguseni kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, wala si kinyume. Kisha pimeni uzito wa sindano kwa mizani yake ndogo, mkifuata kiasi alichoandika mtengenezaji. Nyingi hutaka karibu gramu 2. Wengi hudhani uzito hafifu huihifadhi sahani. Sivyo: sindano nyepesi mno hurukaruka, ikazigonga kuta za mfereji na kuziumiza. Kisha angalieni kama kichwa cha sindano kimekaa sawa katika mkono wake, kwa kipimo chenye mistari kiwekwacho juu ya sahani. Hayo yote yakiwa sawa, hapana budi kununua sindano mpya.

Nasi ndivyo tulivyofanya, kwa maana yetu ilikuwa imechakaa. Nyimbo karibu zote zilirudi kuwa safi. Lakini wimbo mmoja, ule mama aliopenda, nasi tukaupiga kila siku kwa sindano ile mbovu, wakwaruza hata leo. Mfereji uliokwisha kulika hauna dawa. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta; walakini ukuta huu haujengeki. Basi itazameni sindano kabla ya kupiga sahani mnayoipenda.

Kwaherini.